PUNJE HAIJAKAZA, TUNAUZA NINI?



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mwenye kuipasua punje na kokwa zikaota, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu wapendwa na wazazi wetu watukufu. Katika jarida letu la kila mwaka mmezoea kusoma makala za swala, funga, adabu za mwanafunzi na haki za wazazi. Mwaka huu, sisi waalimu tumeona tuzungumze juu ya mbegu. Tunataka tueleze namna ua linavyogeuka kuwa tunda na tunda linavyobeba mbegu, kisha tuulize swali zito linalohusu chakula chetu, ada za watoto wetu na dini yetu: je, ni halali kuuza kitu ambacho bado hakijawa kitu?

Swali hili hatukulitoa mbali. Katika wilaya yetu ya Kyela, na kwa majirani zetu wa Rungwe na Busokelo, neno njuti halihitaji kufasiriwa. Lakini kwa kuwa jarida hili huwafikia pia ndugu zetu walioko Mbeya mjini, Dar es Salaam na hata ng'ambo ya mto Songwe, tulieleze. Njuti ni kuuza mazao yangali mabichi shambani. Mara nyingi ni kokoa, na mpunga nao haukusalimika na biashara ya namna hiyo. Hutokea katika miezi ya dhiki, wakati ghala limebaki na vumbi, mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare, au mama yupo kitandani anaumwa. Anakuja mwenye fedha, anatembea shambani, anatazama miti, kisha bei anaitaja yeye. Mwenye shamba hana la kusema. Anapokea, na siku ya mavuno anaangalia magunia yake yakipakiwa kwenye gari la mtu mwingine.

Sisi madrasa tunaziona athari zake. Baada ya mavuno, wakati ambapo nyumba zinapaswa kuwa na furaha, ndipo watoto wengine wanapoacha juzuu katikati na kwenda kutafuta vibarua. Kwa hiyo jambo hili si la wakulima peke yao. Ni jambo la darasa letu.

UA SI TUNDA

Tuanze na mpunga, kwani ndio uliolitangaza jina la Kyela nchi nzima. Mtoto yeyote wa huku bondeni amewahi kuamia ndege, lakini si wengi waliowahi kulishika suke changa wakalitazama kwa makini. Kila punje huanza kuwa ua dogo. Ua hili halina petali za rangi kama waridi. Limefunikwa na magamba mawili, yale yale ambayo baadaye tunayaita pumba. Ndani ya magamba hayo mna stameni sita zilizobeba vifuko vya chavua, yaani unga wa kiume, na katikati mna ovari moja yenye vinyoya viwili laini vya kupokelea chavua.

Asubuhi jua likishapanda, kwa kawaida baina ya saa tatu na saa sita, magamba hayo hufunguka. Hukaa wazi kwa muda wa saa moja hivi, kisha hujifunga wala hayafunguki tena. Chavua ya mpunga ikishatoka kwenye kifuko chake huishi dakika chache tu. Katika muda huo mfupi, chembe ya chavua inapaswa idondokee kwenye kinyoya, iote kimrija chembamba, na kimrija hicho kishuke mpaka ndani ya ovari. Kikifika huachilia chembe mbili za uzazi za kiume. Ya kwanza hukutana na yai, na hapo hupatikana kiini, yaani mtoto wa mmea. Ya pili huungana na sehemu nyingine ya ndani, na hapo hupatikana chakula cha kumlea mtoto huyo mpaka atakapoota na kujitegemea.

Tuzingatie hapa, enyi wanafunzi. Wali tunaoupakua sahanini ndicho chakula kile cha pili. Ni masurufu aliyowekewa mtoto wa mpunga na Mola wake, nasi tumehalalishiwa tule. Ndiyo maana punje iliyokobolewa ikapotewa na kiini chake haioti hata ukiipanda kwenye ardhi yenye rutuba namna gani.

Baada ya kuungana huko, kazi haijakwisha. Punje hujaa maji meupe kama maziwa. Ukiiminya kwa kucha katika siku hizo, maziwa huchuruzika, na ndege wanalijua hilo kuliko sisi. Baadaye maziwa huwa mazito kama uji, kisha kama unga uliokandwa, na mwisho punje hukaza na kukauka. Safari hii, tangu ua kufunguka mpaka punje kukomaa, huchukua kiasi cha siku 30 katika nchi zenye joto kama yetu.

Sasa hesabuni hatari zilizomo katika siku hizo. Joto likipita nyuzi 35 katika saa ile ya ua kufunguka, chavua huharibika na punje haiingii. Mvua ikikatika wakati suke linatoka, nusu ya suke huweza kuwa mapepe. Mto ukifurika, iwe ni Songwe, Kiwira, Mbaka au Lufilyo, shamba hulala chini ya maji na tope. Upo ugonjwa unaoikausha shingo ya suke, na wapo ndege. Kwa mbali shamba lote ni la kijani na linapendeza, lakini suke lililojaa na suke la mapepe yakiwa machanga hufanana. Ni baadaye tu ndipo lililojaa huinamisha kichwa na la mapepe hubaki limesimama wima.

Tukija kwenye kokoa, hali ni ya kustaajabisha zaidi. Mkokoa hutoa maua kwenye shina lenyewe na kwenye matawi makubwa. Ni maua madogo sana, ukubwa wake hauzidi ukucha wa kidole gumba. Nyuki hawaoni shughuli kubwa hapo. Wanaolihudumia zaidi ni visubi, wadudu wadogo mno ambao wengi wetu hatujawahi kuwaona wakifanya kazi hiyo. Hawa si kungu wale wanaoinuka ziwani kama moshi. Hawa huzaliana kwenye unyevu, katika majani yaliyooza, maganda ya kokoa na migomba iliyokatwa ikaoza. Ua la kokoa hufunguka alfajiri, na lisipopata chavua hudondoka baada ya siku moja au mbili. Katika kila maua 100, yanayofikia kuwa matunda yaliyokomaa huwa ni machache sana, mara nyingi hayafiki hata matano. Hata vitunda vichanga vilivyokwisha kushika, vingi hunyauka vikawa vyeusi vikiwa na ukubwa wa kidole, kwani mti hauwezi kuvilea vyote. Linalosalimika huchukua miezi mitano hadi sita kukomaa, na hapo ndipo unapopata punje 30 au 40 zilizozungukwa na utelezi mtamu.

Na michikichi yetu je? Mti mmoja hutoa maua ya kiume na maua ya kike, lakini kwa zamu, si wakati mmoja. Kwa hiyo mti huu huhitaji chavua ya jirani yake. Anayeibeba ni mdudu mdogo wa jamii ya fukusi, mwenyeji wa Afrika. Watu wa Malaysia walipanda michikichi kwa maelfu ya hekta bila ya mdudu huyo, ikawalazimu kuwalipa vibarua wapitishe chavua kwa mikono. Mwaka 1981 walimchukua mdudu huyo kutoka Cameroon wakamwachia mashambani mwao, na kazi ya vibarua wale ikaisha. Kiumbe asiyefikia punje ya mchele kwa ukubwa alifanya kazi iliyokuwa inawashinda watu.

Ndizi nazo zina somo lake. Ndizi tunayoipika haina mbegu kabisa. Vile vidoadoa vyeusi vya katikati ni mbegu ambazo hazikupata kuumbika. Tunda lake hujaa bila ya chavua, na mgomba huendelea kwa machipukizi yake tu. Basi Allah (S.W.) ameziweka njia nyingi, na kila mmea ameupa wa kwake. Katika Suratul Hijr ametutajia pepo zinazobeba na kurutubisha, na katika Surat Yaasin ametukumbusha kuwa vinavyoota ardhini ameviumba kwa jozi. Katika Suratul Waaqia anatuuliza kama sisi ndio tunaootesha tunachokipanda au ni Yeye. Mwenye kulijua ua la mpunga na saa yake moja hawezi kulijibu swali hilo kwa kiburi.

ALAMA TATU ZA SHERIA

Wengi wetu hudhani kuwa vitabu vya fiqhi havina habari na shamba. Si kweli. Sheria yetu imeitazama safari hii ya ua mpaka punje na ikaweka alama katika kila kituo.

Alama ya kwanza ni kuchavusha. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) kuwa mwenye kuuza mitende iliyokwisha kuchavushwa, matunda yake ni ya muuzaji ila mnunuzi akiyawekea sharti. Yaani kitendo hiki kidogo cha kupeleka chavua kwenye ua la kike kimefanywa kuwa mpaka wa haki baina ya watu wawili.

Alama ya pili ni kudhihiri kwa uzima wa tunda. Imepokewa pia na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda mpaka uzima wake udhihirike, akamkataza muuzaji na mnunuzi wote wawili. Katika mapokezi ya Anas (R.A.) alama ya uzima ni tunda kuiva na kubadilika rangi. Katika mapokezi ya Muslim, masuke nayo yametajwa, kuwa yasiuzwe mpaka yawe meupe na yasalimike na maafa. Na ipo hadithi kwa Abu Daud na Tirmidhi iliyotaja nafaka kwamba isiuzwe mpaka ikaze. Lilinganisheni neno hilo na zile hatua za maziwa, uji, unga na kukaza tulizozieleza hapo juu. Mkulima wa Ipinda au Mwaya ambaye hajasoma Kiarabu hata herufi moja angeielewa hadithi hii mara moja, kwani ndivyo anavyoipima punje yake kwa meno.

Alama ya tatu ni ya zaka. Maulamaa wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesema kuwa zaka ya nafaka huwajibika punje inapokaza. Katika Suratul An'aam tumeamrishwa tuitoe haki ya mazao siku ya kuyavuna. Mpunga unaomea kwa mvua, kama ulivyo mwingi wa huku kwetu, zaka yake ni sehemu moja katika kumi ukifikia kiwango. Unaomwagiliwa kwa gharama, ni nusu ya hapo.

Sasa tuulizane, hekima ya kukatazwa ni ipi? Mtume (S.A.W.) mwenyewe ametubainishia katika hadithi ya Anas (R.A.) kwa kuuliza: ikiwa Allah atalizuia tunda lisitoke, mtu ataila mali ya ndugu yake kwa haki ipi? Na Zayd bin Thabit (R.A.) amesimulia, katika mapokezi ya Bukhari, kuwa watu wa Madina walikuwa wakiuziana matunda mapema, kisha wakati wa kuvuna mnunuzi hudai kuwa yamepatwa na ugonjwa huu na ule, na magomvi yakawa mengi mbele ya Mtume (S.A.W.). Yaani katazo hili lilikuja kuzima fitna iliyokuwapo, wala halikuja kumdhiki mkulima.

Wala mtu asidhani kuwa linamlinda mnunuzi peke yake. Katika njuti yetu mnunuzi hujilinda mwenyewe. Anajua kuwa maua mengi yatadondoka, kwa hiyo hutoa bei ya chini mno, na zile hatari zote za ua anazihesabu begani kwa mwenye shamba. Mazao yakipotea, wapo wanaodai warudishiwe fedha. Yakifana, faida yote ni yao. Huo ni mchezo ambao mmoja hashindwi kamwe.

Mfano upo karibu. Mwaka 2024 bei ya kokoa katika masoko ya dunia ilipanda ikapita dola 10,000 kwa tani, kwa sababu ya mavuno mabaya na magonjwa ya mikokoa huko Ivory Coast na Ghana. Hakuna mkulima wa Kyela aliyeyajua hayo alipokuwa anatazama maua ya shamba lake mwaka 2023. Aliyekuwa ameuza kwa njuti aliiona neema ile ikipita mlangoni kwake ikaingia kwa mwingine. Subira huvuta heri, lakini aliyekwisha kuuza subira yake hana cha kuvuta.

HII SI ELIMU YA WATU WENGINE

Tumewahi kuwasikia wanafunzi wakisema kuwa mambo ya maua, chavua na mbegu ni ya shule, na madrasa ni mahali pa Qur'ani na fiqhi tu. Mgawanyo huu haukubaliki. Ipo hadithi mashuhuri katika Sahihi Muslim. Mtume (S.A.W.) aliwapitia watu wa Madina wakiwa juu ya mitende wanapeleka chavua ya mtende dume kwenye mtende jike. Akasema hadhani kuwa jambo hilo lina faida. Wakaacha, na mavuno ya mwaka ule yakawa duni. Alipoelezwa, akawabainishia kuwa ile ilikuwa dhana yake tu, na kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao.

Maulamaa wameichambua sana hadithi hii, na hapa tunachukua fundisho moja tu linalotuhusu. Mtume wetu (S.A.W.), ambaye ni mbora wa viumbe, ameithibitisha elimu ya mkulima inayopatikana kwa kuangalia na kujaribu. Basi sisi ni nani hata tuidharau? Mwanafunzi anayeweza kutaja masharti yote ya biashara lakini hajui suke linakaza lini, ataitekeleza vipi hadithi inayosema mpaka ikaze? Na anayeijua biolojia yote ya mpunga lakini hajali alichokatazwa, elimu yake itamfaa nini mbele ya Mola wake? Mwalimu wa shule na mwalimu wa madrasa, katika jambo hili, wamelishika suke moja kwa ncha mbili.

NJAA HAINGOJI

Tunajua wapo watakaosema: "Ustadh, maneno ni mazuri, lakini njaa haingoji punje ikaze." Hoja hii ni ya kweli na hatutaki kuipuuza. Hakuna mzazi anayeuza kokoa changa kwa kupenda. Kumhutubia mwenye njaa juu ya gharari, kisha ukaondoka bila ya kumwachia hata kibaba, si katika adabu ya dini yetu.

Lakini dini iliyofunga mlango huu imefungua mingine. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana mapema kwa matunda ya mwaka mmoja au miwili. Hakuifuta biashara hiyo yote. Aliiwekea masharti, kuwa iwe kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Hii ndiyo biashara ya salam. Fedha hulipwa yote papo hapo, na muuzaji huwajibika kutoa, kwa mfano, kilo kadhaa za mpunga mkavu wa sifa fulani mwezi fulani. Haifungwi kwenye shamba hili au mti ule, bali huwa deni juu ya mtu. Na bei iwe ya maridhiano, isiwe ya kumkaba aliyezama. Ama yule anayekopesha fedha kwa sharti la kurudishiwa zaidi, hata akiibatiza jina lolote la kupendeza, hiyo ni riba na hukumu yake inajulikana.

Mlango wa pili ni ushirika. Katika miaka ya karibuni kokoa ya wilaya zetu imekuwa ikikusanywa na vyama vya msingi na kuuzwa kwa mnada. Ushirika una kasoro zake, na kila mmoja wetu ana la kusema, lakini angalau punje inafika sokoni ikiwa kavu, imepimwa, na wanunuzi zaidi ya mmoja wanaitolea bei. Mwenye kuuza kwa njuti amejitoa mwenyewe katika nafasi hiyo.

Mlango wa tatu ni qardhi hasana, mkopo mwema usio na ziada. Huu ndio tunaoulilia zaidi, na hatuwezi kuusukuma peke yetu.

MBEGU KWANZA, SOKO BAADAYE

Lipo dhara jingine la njuti ambalo halisemwi. Aliyeuza shamba zima likiwa bichi amepoteza pia haki ya kuchagua mbegu. Masuke bora na matunda bora, ambayo babu zetu waliyaweka juu ya dari kwa ajili ya msimu ujao, yote yanaondoka na gari. Msimu ukifika, mtu anakwenda sokoni kununua mpunga wowote akaufanye mbegu.

Hapo ndipo sifa ya mchele wetu inapopotea. Ile harufu nzuri haitokani na sufuria. Imo ndani ya mbegu, inarithiwa. Kwa kawaida ua la mpunga hujichavusha lenyewe kabla ya kupata chavua ya jirani, kwa hiyo mbegu safi ikitunzwa huzaa mfano wake mwaka baada ya mwaka. Mchanganyiko mwingi huingia kwa mikono yetu wenyewe, katika viwanja vya kupuria na katika magunia. Kokoa ni kinyume chake. Mikokoa mingi huhitaji chavua ya mti mwingine, kwa hiyo punje za tunda moja zinaweza kuwa na baba tofauti. Tena mbegu ya kokoa hailali kama ya mpunga. Ukiitoa kwenye tunda ukaiacha ikauke, hufa katika siku chache. Anayetaka kupanda aitoe kwenye tunda lililoiva la mti mzuri, aipande mapema.

TUNAYOPENDEKEZA

Baada ya maelezo haya, tunaziomba familia za madrasa yetu zikubaliane juu ya mambo matano.

Kwanza, tusiuze ua wala kitunda kichanga. Kokoa ingoje ibadilike rangi, mpunga ungoje ukaze. Mwenye dhiki aje kwa waalimu na wazee wa msikiti kabla hajaenda kwa mwenye njuti, na siri yake itahifadhiwa.

Pili, uanzishwe mfuko wa qardhi hasana wa madrasa. Kila familia itoe debe moja la mpunga baada ya mavuno, au thamani yake, na mwenye kokoa atoe anachoweza. Akiba hiyo itoke katika miezi ya dhiki, irudishwe wakati wa mavuno bila ya ziada hata punje moja. Chembe na chembe mkate huwa.

Tatu, mbegu itengwe kabla ya chochote kuuzwa. Wanafunzi wakubwa wawasaidie wazazi kuchagua masuke yaliyojaa katikati ya shamba, mbali na mpaka wa jirani. Kabla ya kupanda, mbegu itumbukizwe katika maji ya chumvi yaliyokolea kiasi cha yai bichi kuelea. Inayoelea iondolewe, inayozama ndiyo mbegu, nayo ioshwe vizuri kwa maji safi.

Nne, tuache kufagia na kuchoma kila jani chini ya mikokoa. Majani yanayooza na vipande vya migomba ndiyo nyumba ya visubi vinavyotuletea matunda. Maganda ya matunda yenye ugonjwa tu ndiyo yaondolewe na kufukiwa mbali. Kiumbe huyu ana haki kwetu hata kama hatumwoni.

Tano, kila darasa la madrasa lifanye somo moja la shambani katika msimu wa mpunga kuchanua. Waende saa nne asubuhi, walitazame ua likiwa wazi, kisha warudi baada ya mwezi mmoja walitazame suke lile lile. Tunaamini kuwa mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake hatahitaji fimbo ili aikumbuke hadithi ya punje.

Wazazi wetu, sisi hatuna ghala wala mnada. Tunacho kibao, chaki na watoto wenu. Mtoto anayejifunza leo kwamba kati ya ua na punje kuna siku 30 za amana ya Allah, kesho ndiye atakayekuwa na shamba, au atakuwa yule mwenye fedha anayetembea mashambani mwezi wa pili. Tunataka katika hali zote mbili awe na hofu ya Mola wake na huruma kwa jirani yake.

Tunamwomba Allah (S.W.) azikaze punje zetu, azibariki mbegu zetu, na atujaalie tule kilicho halali, kilichoiva.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.